Kambiz Alivyoaga Kazi Akaruhusiwa

Habari hii mtaikataa, na mkiikataa hamtakuwa wa kwanza. Kinyozi wa Dardasht alipoisikia alicheka mpaka akamnyoa mteja unyusi mmoja, na mteja mwenyewe naye akasahau kugomba. Mwalimu wa hesabu wa mtaa huohuo alisema haiwezekani kabisa, maana tangu Isfahan iwe Isfahan hajatokea mtu aliyeaga kazi akaambiwa "haya, nenda" mara ya kwanza. Ilitokea. Ilitokea kwenye karakana ya gaz ya Haji Nemat, majuma machache kabla ya mwaka mpya, wakati maduka yote yanalilia maboksi, na aliyeambiwa "haya, nenda" ni Kambiz Dehnavi.

Kambiz ukimwona leo ni mwanamume mfupi, mabega mapana, na masharubu machanga anayoyachana kila asubuhi kama mtu anayepalilia bustani. Alipozaliwa, mkunga alitazama akasema ni msichana, na mkunga akishasema, nani wa kumbishia? Likaandikwa. Jina aliloandikiwa siku ile tuliache hukohuko lilikobaki. Mwenyewe hana haja nalo, na habari hii inakwenda vizuri bila hilo. Anasema alijua kuna kosa tangu alipokuwa mdogo kiasi cha kuamini kwamba mwezi unamfuata yeye peke yake. Baba yake, mchimba visima, alifariki mapema. Mama yake, Bi Sedigheh, alimlea kwa kushona magodoro, na shule ilipomshinda, Kambiz akaingia kazini kwa Haji Nemat akiwa bado na chunusi usoni.

Karakana ile ina kumbi mbili. Upande mmoja kuna sufuria za shaba ambazo ng'ombe angeweza kuoga ndani yake, na wanaume wanaokoroga sukari, utomvu mtamu wa miiba ya Khansar na ute wa mayai, kutwa nzima, mpaka rojo liwe jeupe na zito la kugombana na mwiko. Hiyo ndiyo gaz, ndugu mweupe wa halwa. Upande wa pili kuna meza ndefu za mawe zilizonyunyiziwa unga, na wanawake wanaoikanda, wanaoikata, wanaoifunga. Katikati kuna ukuta, na kwenye ukuta kuna kidirisha chenye pazia. Trei inapita, mkono unapita, matusi yanapita, jicho halipiti. Ndiyo maana wanawake wa upande ule hutupa mitandio yao kwenye misumari na kufanya kazi vichwa wazi, wakiimba vitu ambavyo waume zao hawajui kama wanavijua.

Huko ndiko Kambiz alikofanya kazi miaka yote, mpaka akawa na kigoda chake. Mkono wake ulikuwa mwepesi na ulimi wake mwepesi zaidi. Aliyegombana na mawifi alikwenda kwake, aliyeota ndoto mbaya alikwenda kwake, na wote walirudi wakicheka.

Wa kwanza kumweleza jambo lake alikuwa Bi Eshrat, msimamizi wa upande ule, mama mnene mwenye sauti ya kengele ya shule. Walikuwa wawili stoo, wamekaa juu ya magunia, wanachambua pistachio. Kambiz alikuwa ameandaa hotuba ndefu yenye mwanzo, katikati na machozi.

"Bi Eshrat, kuna jambo linanikaba. Mimi, ndani yangu—"

"Wewe ni mwanamume," akasema Bi Eshrat, akitupa pistachio mbovu. "Haya, la pili?"

Kambiz akadondosha pistachio. "Umejuaje?"

"Mwanangu, nimezaa wavulana wanne, na nimekaa meza moja na wewe kuliko nilivyokaa na mume wangu. Nilikuwa namwomba Mungu tu uniambie kabla sijastaafu."

Ikafuata ile safari ndefu inayojulikana kwetu: tume ya madaktari, hakimu, hospitali, tena hakimu, mpaka kitambulisho kipya. Haji Nemat hakuelewa sana, lakini alikwenda kumuuliza sheikh wa msikiti wake, sheikh akamwambia jambo hilo wakubwa walishalitolea ruhusa zamani, wewe kijana ulikuwa wapi? Haji, ambaye hajaitwa kijana tangu alipopoteza meno ya mbele, alirudi amefurahi akasema nafasi ya Kambiz isiguswe na mtu mpaka atakapopona.

Asubuhi ya kwanza ya kurudi, miguu ilimpeleka ilikozoea, kwenye mlango wa wanawake. Bi Eshrat akaujaza mlango mzima.

"Unakwenda wapi, bwana?"

"Kazini, Bi Eshrat."

"Humu? Humu mna wanawake vichwa wazi, wewe mwanamume mzima unataka kuingia? Huna haya? Zunguka upande wa pili!"

Nyuma yake wanawake walikuwa wanagombania mitandio huku wakipiga vigelegele. Kambiz akasimama pale analia na kucheka, maana katika maisha yake hakuwahi kufukuzwa mahali kwa utamu namna ile. Bi Eshrat naye alijifuta macho kwa mkono wenye unga, akashinda siku nzima na kope nyeupe kama bibi harusi wa theluji.

Basi akazunguka. Na upande wa pili ndiko taabu ilikoanzia, maana huko walikuwa wamejiandaa kumpokea.

Aliyewaandaa ni Manizheh, binti wa Haji, ndiye mwenye kuendesha ofisi. Binti mzuri, msomi, ana huruma mpaka kwa mende. Aliposikia habari za Kambiz alifunga safari mpaka Tehran kwenye mafunzo ya waajiri, jinsi ya kumtunza mfanyakazi anayebadili jinsia, akarudi akawakusanya wapishi mbele ya sufuria. Akawaambia mwiteni kwa jina lake. Akawaambia msimuulize habari za mwili wake, akamgeukia mpishi mkuu, kwani wewe Mashdi kuna anayekuuliza habari za ngiri yako? Msimfanyie mzaha mbaya. Na akisema anataka jambo, msimbishie, yeye ndiye anayejijua. Maneno mazuri yote. Ila wapishi wetu husikia kama wanavyopika, kila kitu wanakizidisha sukari. Neno "mbaya" likaanguka njiani. Walichobaki nacho kichwani ni kwamba mbele ya Kambiz mzaha ni haramu na ubishi ni dhambi.

Mpishi mkuu alikuwa Mashdi Yadollah, anayeitwa Mashdi kwa kuwa alizuru mji mtukufu wa Mashhad mara moja na hajaacha kuisimulia. Wa pili wake alikuwa Rahman, kijeba mwenye mikono ya kubeba jokofu. Hawa wawili tangu wakutane hawajawahi kuitana kwa majina.

"Wewe kichwa boga," Mashdi alikuwa akinguruma, "nani alikufundisha kukoroga, mama mkwe wako?"

"Alinifundisha yule aliyekutoroka wewe, mzee wa makamasi!"

Kisha Mashdi anageuka, anamwona Kambiz, na uso unabadilika kama wa karani wa benki. "Bwana Kambiz, karibu sana. Pole na uchovu. Tafadhali, kiti."

Uchovu gani, mtu hajagusa kitu? Kambiz alikuja kushika mwiko. Alinyoosha mkono kuuchukua, Rahman akauficha nyuma ya mgongo. "Haiwezekani, Bwana Kambiz, wewe ujitese na sisi tupo?" Alitaka kubeba gunia, wakalibeba wawili mbele yake. Kiti chake kiliwekwa mto. Siku moja walifika mlangoni watatu kwa pamoja.

"Tangulia, Bwana Kambiz."

"Wallahi sitangulii, Mashdi, wewe ndiye mkubwa."

"Ukubwa wangu ni vumbi la viatu vyako. Tangulia."

"Rahman, basi pita wewe."

"Mimi nimpite Bwana Kambiz? Nimelelewa na mbwa?"

Wakasimama hapo wakisukumiana heshima mpaka sufuria ya pili ikaungua, moshi ukatoka kwa kidirisha, na wanawake wakadhani ni moto.

Mchana ndio uliomuumiza zaidi. Wanaume wa nchi yetu wakikaa kwenye kitambaa cha chakula, wakishamega mkate wa kwanza, wanaanza habari za jeshini. Nani alipigwa baridi mpakani, nani alimwibia afande buti, nani alilala zamu akaota anakula biriani. Kambiz hakwenda jeshini. Lakini hadithi zile alizijua, miaka yote alizisikia kwa kidirisha akiwa anakata gaz. Ile ya Rahman na nyumbu aliyekula ramani ya luteni aliijua kuliko Rahman. Alikuwa amengoja miaka kumi na ushee kuisikia akiwa upande huu wa pazia. Akakaa, akamega mkate. Mashdi akakohoa.

"Naona, Bwana Kambiz, hali ya hewa si mbaya."

"Si mbaya, Mashdi."

"Kesho huenda ikawa hivyohivyo."

Walidhani habari za jeshi zitamchoma. Kumbe kilichomchoma ni hiyo hali ya hewa. Na upande wa pili nako kulifungwa: wanawake, waliokuwa wakimrushia maganda ya pistachio, sasa wakimkuta uani walivuta mitandio na kusema "Bwana Kambiz, shikamoo ya kazi" kana kwamba hawajala naye bakuli moja. Hata Ami Lotfi, dereva wa karakana, mtu wa sura nzuri na akili nyingi, alimfungulia mlango wa gari.

"Mama, wananipenda kupita kiasi," akamwambia Bi Sedigheh.

"Na hilo ndilo unalolia?"

"Wananiheshimu kama mkaguzi wa afya. Mama, huenda wanataka niondoke na hawajui namna ya kusema."

Bi Sedigheh akakata uzi kwa meno. "Basi jaribu. Aga. Utajua."

Hapo ndipo mjue sisi tulivyo. Isfahan kitu hakipokelewi mara ya kwanza, wala hakikataliwi mara ya kwanza. Dereva wa teksi atakuambia "acha tu, si kitu," ukishuka bila kulipa atakufuata mpaka chumbani. Hiyo ndiyo taarofu, na mtoto anaijua kabla ya kutembea. Mashdi Yadollah mwenyewe huaga kazi kila mwaka, karibu na mwaka mpya. Huingia ofisini, mkono kifuani, akasema amezeeka, aruhusiwe. Haji hupiga kelele, Mungu apishe mbali, huapa kwa kaburi la mama yake, huziba mlango kwa kiwiliwili chake. Mashdi hukataa, Haji hulia kidogo, wanakunywa chai, na Mashdi anarudi kwenye sufuria akijua anapendwa. Ndivyo mtu wa kwetu anavyouliza swali lisiloulizika.

Basi Kambiz akavaa shati safi akaenda kuuliza lake. Akavua viatu kwenye zulia la mlango wa ofisi, akainamisha kichwa.

"Haji, nimewasumbua mno. Wote mnapata taabu kwa ajili yangu. Kwa ruhusa yako, niage, niwatue mzigo."

Haji Nemat alifungua mdomo. Kiapo kilikuwa kimeshapanda mpaka kwenye ulimi, kaburi la mama na kila kitu, na mkono ulishainuka. Ndipo Manizheh, aliyekaa meza ya pembeni, akamtazama juu ya miwani. Haji akakumbuka: akisema anataka jambo, usimbishie. Akakimeza kiapo kama mtu aliyemeza kokwa ya tende.

"Una hakika, Kambiz?" Manizheh akauliza kwa upole.

Sasa kuulizwa "una hakika" si kukataliwa, na Kambiz hakujua ajibu nini kinachofaa swali kama hilo. Hakuwahi kulisikia. Akajibu kama alivyolelewa. "Hakika, dada. Nisiwe mzigo."

"Basi tunaheshimu uamuzi wako."

"Tunaheshimu," akasema Haji, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Kambiz akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Akavaa kiatu cha kulia. Akafunga kamba, akaifungua, akaifunga tena. Akavaa cha kushoto. Nyuma yake saa ya ukutani ilikuwa ikigonga na Haji alikuwa anapenga kamasi. Hakuna aliyeinuka. Akatoka.

Njia nzima alijiambia jambo moja tu: walikuwa wanalingoja. Viti vile, mito ile, "tangulia" zile, vyote vilikuwa mkono mpole uliokuwa ukimsindikiza nje taratibu. Kazi nyingine angepata, hata ya kuosha mazulia. Lakini watu wengine wanaomjua tangu chunusi mpaka masharubu atawapata wapi? Alikuwa amebadili kila kitu kwenye makaratasi isipokuwa mahali pa kwenda asubuhi, na sasa hapo pia pamekwenda. Akajifungia chumbani, akamwambia mama yake asimpe hata chai.

Kesho yake Mashdi alikuta kiti chenye mto kitupu. Akauliza. Akaambiwa. Akaacha sufuria inachemka, akaingia ofisini na viatu.

"Kaaga, mkamkubalia?"

"Alisema ndivyo anavyotaka," Manizheh akajibu. Macho yake yalikuwa mekundu; hakulala. "Mashdi, nilimuuliza kama ana hakika."

"Mimi husema nataka kuondoka kila mwaka! Nimeondoka? Haji, mimi nimeondoka?"

"Hujaondoka," akasema Haji kwa unyonge.

"Si alikuja mumkatalie! Mtoto wa watu kaja kuomba akataliwe, nyinyi mnampa ruhusa! Watu wa mji mwingine wangefanya hivyo? Hata Tehran, kule wasikojua kula, wangefanya hivyo?"

"Mashdi Yadollah!" Sauti ya Bi Eshrat ilipita kidirisha, ikapita ukumbi wa sufuria, ikafika ofisini haijachoka. "Usijitie umalaika! Hebu sema, lini umewahi kumwita punda?"

"Punda? Sijamwita hata siku moja! Nimemheshimu kwa roho yangu yote!"

"Umeona! Rahman unamwita punda mara ngapi kabla ya saa nne? Lakini Kambiz unampa habari za hali ya hewa. Umemweka kwenye mto kama yai la bata, halafu unashangaa kaondoka. Na mimi sina tofauti na wewe. Nampita uani namwamkia kama mkwe."

Mashdi akakaa juu ya kile kiti chenye mto. Sufuria ya kwanza ikaungua, naye hakuinuka.

Alasiri hiyohiyo gari la karakana lilisimama mbele ya nyumba ya Bi Sedigheh. Ndani walikuwamo Haji, Manizheh, Mashdi Yadollah na Bi Eshrat, na usukani ulikuwa mikononi mwa Ami Lotfi, aliyewafikisha kwa kasi ya ndege na ustadi wa rubani. Bi Sedigheh akafungua, akawatazama mmoja mmoja, akawaacha wasimame kidogo kuliko adabu inavyotaka. Kisha akawakaribisha, akaleta chai.

Kambiz akatoka chumbani, akaketi karibu na mlango, macho kwenye zulia.

"Mmejitaabisha," akasema. "Nyumba yetu haistahili."

"Bwana Kambiz," akaanza Haji, "sisi ni vumbi la mlango wako. Karakana ile ni yako, mimi mtumwa tu. Kama kuna jambo tulilokukosea, Bwana Kambiz—"

"Hakuna kosa, Haji. Kosa ni langu. Kivuli chako kisipungue."

"Kivuli chako wewe kisipungue."

Kila "bwana" ilimsogeza Kambiz karibu zaidi na ukuta. Bi Eshrat aliona. Alimpiga Mashdi kiwiko cha mbavu, kiwiko cha mwanamke aliyekanda gaz maisha yake yote, na Mashdi akaruka kama mkate kwenye tanuri.

"Basi!" akapiga goti lake. "Kambiz, punda wewe! Nani alikufundisha kuaga kazi?"

Manizheh akajifunika uso. Bi Sedigheh akaweka birika chini. Kambiz akainua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Mtu haagi mara moja akatokomea kama aliyekuja kulipia umeme!" Mashdi alikuwa amesimama sasa. "Unaaga, unakataliwa. Unaaga tena, unakataliwa tena. Unafika mlangoni, unavaa viatu, unashikwa mkono, unavua viatu! Mimi miaka yote hata kamba sifungi! Mwaka mpya uko mlangoni, rojo linaungua, na wewe umejifungia ndani kama mwali?"

"Viatu nilivaa, Mashdi," akasema Kambiz. "Nilivaa polepole kabisa. Kamba nilifunga mara mbili. Hakuna aliyenishika."

Haji Nemat alilia hapo, kilio cha kweli, si kile cha kila mwaka. "Mkono ulikuwa umeshainuka, mwanangu. Mungu shahidi, ulikuwa hapa," akaonyesha kifuani, "hapa kabisa."

"Ni mimi niliyemzuia," akasema Manizheh. "Nilidhani kukusikiliza ni kushika lile neno ulilolitamka. Niambie, Kambiz. Yale niliyowafundisha, yote nilikosea?"

Kambiz akafikiri. Hakuwa na haraka. Mtu aliyefika mbele ya mahakimu wengi kiasi kile hajibu ovyo.

"Hapana, dada. Jina langu walilishika siku ya kwanza, hajakosea hata mmoja, na hujui usiku ule nililala vipi. Mwili wangu hakuna aliyeuuliza. Hayo yashikilie hivyohivyo, hata kwa atakayekuja baada yangu. Lakini mzaha niachieni. Nimekua nao. Ukiwa mbaya nitaujibu mwenyewe, ukinizidi nitakuja kwako. Na mkiniona nimekaa kimya, niulizeni mimi, msiulize Tehran."

"Na ukisema unataka kuondoka?"

"Nikatalie. Mara mbili angalau."

"Na ukisema unataka mwiko?"

"Mwiko nipeni palepale."

Mashdi akamtazama kuanzia nywele mpaka soksi. "Unataka mwiko? Wa sufuria kubwa? Ule utakuvunja kiuno."

"Kiuno changu kina nguvu, Mashdi. Mimi sina ngiri."

Mashdi Yadollah akacheka mpaka akashika hiyo ngiri yenyewe, Bi Eshrat akavuta mtandio mdomoni asionekane meno, na Bi Sedigheh akasema sasa chai inanyweka. Kambiz, kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, alisema tena kwamba asingependa kuwasumbua. Haji Nemat akaruka kutoka kwenye mto wake kama kijana, akaapa kwa kaburi la mama, la baba, la shangazi wa Najafabad, akaenda kusimama mlangoni mikono imetandazwa. Kambiz akasema basi. Akasema kwa sauti ndogo sana, lakini wote walisikia.

Alirudi. Mwiko alipewa, na kufikia adhuhuri viganja vilikuwa na malengelenge kama zabibu, na Mashdi akamwita punda, bata na kipofu ndani ya pumzi moja kwa kuwa alikuwa anakoroga kwa mkono badala ya kiuno. "Egemea! Huo si uji wa mgonjwa!" Mchana walikaa kwenye kitambaa, wakamega mkate, na Rahman akatazama huku na huku kama mwizi, kisha akaanza: walikuwa mpakani, theluji magotini, na luteni ana ramani, na nyumbu ana njaa. Alipofika kwenye nyumbu kula kona ya kaskazini, Kambiz akatafuna, akameza, akasema, "Ilikuwa kona ya kusini. Miaka yote umesema ya kusini." Rahman akamrushia kitunguu. Kwa kidirisha likaja ganda la pistachio, likamgonga sikio.

Lakini hayo yote si kitu ukilinganisha na mapokezi yenyewe ya asubuhi ile. Mtaa mzima wa Dardasht ulijipanga barabarani, wazee mbele. Kondoo watano walichinjwa, la, saba, na meya alituma bendi yenye tarumbeta. Na Ami Lotfi, bila kuombwa na mtu, alimbeba Kambiz mabegani kutoka daraja la Khaju mpaka mlango wa karakana, gilasi ya chai mkononi, hakumwaga hata tone, na mto wetu, uliokuwa umekauka tangu kiangazi, ulipoyaona hayo ukaanza kutiririka marashi ya waridi mpaka samaki wakaanza ku—

"Ami Lotfi," akasema Kambiz, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti changu akisoma juu ya bega langu, "siku ile nilikuja kwa baiskeli, na wewe ulikuwa umelala garini mdomo wazi. Futa kuanzia kwa kondoo."